PEZI, MKONO AU KAFI? Viungo vya Kuogelea na Uundaji wa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Lugha iliyokulia pwani haiwezi kushutumiwa kuwa ni maskini wa maneno ya bahari. Mvuvi wa Kilwa, wa Mafia, wa Pemba au wa Lamu ana jina la kila sehemu ya chombo chake na la kila badiliko la maji. Anajua kwamba pweza ana minyiri, kaa ana magando, samaki ana mapezi na ndege ana mabawa. Hata hivyo, katika utajiri huo lipo pengo moja linalojitokeza kila mara mtu anapokaa kuandika au kutafsiri habari za viumbe wa majini. Kasa ana viungo vinne bapa vya kuogelea. Nguva ana viwili. Nyangumi na pomboo wana viwili kila mmoja. Mzamiaji naye huvaa miguuni vifaa vipana vya mpira vilivyoigwa kutokana na viumbe hao. Kiingereza huweza kuvitaja vyote hivi kwa neno moja, flipper. Katika maandishi ya Kiswahili huitwa mara mapezi, mara mabawa, mara mikono, mara miguu, na pengine huelezwa kwa sentensi nzima bila ya kupewa jina lolote.

Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo. Si dogo. Istilahi ni zaidi ya kibandiko kinachobandikwa juu ya kitu kilichokwisha kufahamika. Aghalabu ndiyo njia ya kukifahamu. Mwanafunzi anayesoma kwamba nguva ana "mapezi" kama changu au kolekole amekwisha kufundishwa, bila ya mwalimu kukusudia, kwamba nguva ni samaki. Mvuvi anayeelekezwa atazame alama ya chuma kwenye "pezi" la kasa aliyenasa wavuni hana budi kukisia ni kiungo kipi kinachokusudiwa.

Mhadhara huu una malengo matatu. Kwanza, unaeleza kwa ufupi kiungo hicho ni nini na kimepatikanaje, pamoja na kifaa cha binadamu kilichoigwa kutokana nacho. Pili, unalinganisha jinsi lugha kadhaa zilivyolitatua tatizo la kukipa jina. Tatu, unayapima maneno yaliyomo katika Kiswahili kwa vigezo vya uundaji wa istilahi na kutoa pendekezo.

2.0 Kiungo chenyewe

Hakuna istilahi nzuri bila ya kukijua kitajwa. Pezi la samaki wa kawaida ni utando wa ngozi unaoshikiliwa na vijiti vyembamba, mfano wa kipepeo kinachoweza kukunjwa na kukunjuliwa. Halina bega, kiwiko wala vidole. Samaki huwa na mapezi mgongoni, tumboni, ubavuni na mkiani, na idadi yake hutofautiana kwa jamii.

Kiungo cha nyangumi ni kitu kingine kabisa. Kwa nje kinaonekana kuwa ni ubao mmoja mnene, lakini ndani yake mna mfupa wa mkono wa juu, mifupa miwili ya kigasha, mifupa ya kifundo na mifupa ya vidole. Mpangilio huo ndio uliomo katika mkono wa binadamu, mguu wa mbele wa farasi na bawa la popo. Charles Darwin aliutumia ulinganifu huu katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuwa ni mmoja wa ushahidi kwamba viumbe hao wana asili moja. Katika baadhi ya jamaa za pomboo kidole kimoja huweza kuwa na zaidi ya vipingili 10 vya mifupa, ilhali kidole cha binadamu kina vitatu, na cha gumba viwili. Kiungo kimerefushwa kwa kuongezewa vipingili, si kwa kuundwa upya.

Sababu yake ni historia. Mababu wa nyangumi walikuwa wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne, waliorejea majini miaka ipatayo milioni 50 iliyopita. Katika bonde la Wadi al-Hitan nchini Misri, lililotambuliwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2005, yamehifadhiwa mabaki ya nyangumi wa kale ambao bado walikuwa na miguu midogo ya nyuma isiyofaa tena kutembelea. Nguva naye alirejea majini kwa njia yake mwenyewe. Nje ya kundi lake mwenyewe, jamaa zake wa karibu walio hai hawamo baharini: ni tembo na pimbi. Kasa ni mtambaazi, na sili ana nasaba na wanyama walao nyama. Makundi hayo manne hayakurithi ubapa wa viungo vyao kutoka kwa babu mmoja aliyekuwa nao. Kila kundi liliupata peke yake kwa kuwa maji huwatoza wote ushuru mmoja.

Kazi za viungo hivyo nazo hutofautiana. Nyangumi na nguva husukumwa na mkia wao, unaopigwa kwenda juu na chini tofauti na ule wa samaki unaopigwa upande kwa upande. Viungo vya mbele huwa vya kugeuzia na kusawazishia mwili. Nguva huvitumia pia kujiegemeza chini anapokula nyasi za bahari. Kwa kasa mambo ni kinyume: viungo vya mbele ndivyo injini, na vya nyuma ni usukani majini na ni koleo mchangani, kwani kasa jike huchimba shimo la mayai kwa hivyo. Nyangumi mwenye nundu, anayefika pwani ya Afrika Mashariki kutoka bahari za kusini kati ya mwezi Julai na Oktoba hivi, ana viungo vya mbele vinavyofikia urefu wa takribani meta 5, karibu theluthi ya mwili wake.

Jambo la mwisho la kuzingatiwa ni kwamba mnyama mmoja huweza kuwa na vyote viwili. Pomboo ana viungo vya ubavuni vyenye mifupa ya mkono, na mgongoni ana ubapa uliosimama usio na mfupa hata mmoja. Lugha inayoviita vyote "mapezi" inaeleza umbo tu, haielezi kitu.

3.0 Kifaa cha mwogeleaji

Mguu wa binadamu umeumbwa kwa kutembea. Wayo wake ni mwembamba mno kuyasukuma maji, ingawa misuli ya paja ina nguvu nyingi. Tatizo la mwogeleaji, kwa hiyo, ni eneo la kusukumia, na wengi walilitafakari kabla ya mpira kupatikana. Leonardo da Vinci alichora glavu yenye utando baina ya vidole. Mwaka 1773 Benjamin Franklin, katika barua yake kwa rafiki yake Mfaransa Barbeu-Dubourg, alieleza kwamba alipokuwa mvulana alijitengenezea vibao viwili vya mviringo vyenye tundu la kidole gumba, mfano wa kibao cha mchoraji wa rangi, akaogelea navyo mikononi. Aliona kwamba mwendo uliongezeka lakini vifundo vya mikono vilichoka. Alijaribu pia namna ya kandambili miguuni, asiridhike nazo.

Kifaa kinachofahamika leo kilitokana na Mfaransa Louis de Corlieu, ofisa wa jeshi la majini, aliyesajili hataza yake mwaka 1933 baada ya majaribio ya miaka mingi. Mmarekani Owen Churchill, aliyekuwa ameshinda medali ya dhahabu ya mashindano ya jahazi katika Olimpiki ya mwaka 1932, alikiendeleza na kukiuza nchini mwake kuanzia mwaka 1940. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ikakipeleka kifaa hicho kwa wazamiaji wa majeshi, na baada ya vita kikawafikia watalii, wanasayansi na wavuvi. Kiliingia katika mwambao wa Afrika Mashariki kikiwa kimekwisha kupewa majina katika lugha za wengine.

4.0 Lugha nyingine zilivyofanya

Ulinganishi unaonyesha kwamba hakuna lugha iliyofuata mantiki peke yake. Kiingereza kina fin kwa samaki na flipper kwa kasa, sili na nyangumi. Neno hili la pili huhusishwa na kitenzi chenye maana ya kupiga au kugeuza kwa wepesi. Yaani mwendo ndio uliotoa jina. Lakini linapokuja suala la kifaa, mpaka huo huvunjika: wazamiaji wengi hupendelea fin, na watu wa kawaida husema flipper. Aidha, ubapa wa mgongoni mwa pomboo huitwa fin ingawa pomboo si samaki. Anayedhani kwamba Kiingereza kina utaratibu kamili na Kiswahili kina vurugu hajachunguza vya kutosha.

Kiitalia hutumia pinna kwa samaki na kwa kifaa pia. Neno hilo katika Kilatini lilikuwa na maana ya unyoya. Kihispania husema aleta, yaani bawa dogo. Kijerumani hutegemea Flosse kwa vyote na kuongeza neno la kuogelea linapotajwa kifaa. Kiarabu hutumia zi'nifa, wingi wake za'anif, kwa samaki na kwa kifaa. Kifaransa kimetenganisha: nageoire ni ya mnyama, na palme ni ya mzamiaji, kwa kufananisha na mguu wa bata wenye utando. Kireno cha Brazil hakikuficha kitu, kwani huita kifaa hicho pé de pato, "mguu wa bata".

Kutokana na mifano hii hubainika njia tatu: kupanua maana ya neno la samaki, kuazima neno la ndege, au kuunda jina kutokana na mwendo au chombo. Njia zote tatu zimo katika uwezo wa Kiswahili. Swali ni ipi itakayobeba mzigo wa sayansi bila ya kumtupa msemaji wa kawaida.

5.0 Maneno yaliyomo katika Kiswahili

5.1 Pezi. Hili ndilo neno la kwanza kumjia mtumiaji, na lina nguvu ya mazoea. Ni fupi, lina wingi ulio wazi, na upanuzi wake hadi kwenye kifaa, "mapezi ya kuogelea", unaeleweka papo hapo. Udhaifu wake ni kwamba limefungamana na samaki. Likitumiwa kwa nyangumi huzidi kuitia nguvu dhana ya kale kwamba kila kiogeleacho ni samaki, na humnyima mwalimu njia ya kueleza kwamba pomboo ana viungo vya aina mbili.

5.2 Bawa. Sitiari hii ina ukweli ndani yake. Kasa wa baharini hapigi maji kwa kuyavuta nyuma tu. Huyapiga juu na chini kama anayeruka. Pengwini huogelea kwa mabawa halisi ya ndege yaliyogeuka kuwa magumu na bapa. Hata hivyo, neno bawa humvuta msikilizaji angani, na katika maelezo ya pengwini lingezua utata usio wa lazima, kwa kuwa huko linahitajika kwa maana yake ya asili.

5.3 Mkono na kikono. Neno mkono hueleza asili ya kiungo kuliko neno jingine lolote. Anayesema "mkono wa nyangumi" amekwisha kusema somo zima la anatomia. Ugumu hujitokeza kwa viungo vya nyuma: "mkono wa nyuma wa kasa" ni usemi unaochekesha. Wapo wanaoweza kupendekeza kikono, na ni kweli kwamba kiambishi ki- hakidokezi udogo peke yake; hudokeza pia mfanano, kama katika kilimi, kinyama cha kooni kinachofanana na ulimi. Lakini msikilizaji wa kawaida atausikia udogo kwanza, na ni vigumu kumshawishi kwamba kiungo cha meta 5 ni kikono.

5.4 Kafi. Katika lugha ya vyombo, kasia hufungwa ubavuni mwa chombo, na kafi hushikwa mkononi bila ya kufungwa. Kafi ni bapa, husukuma, na likitumiwa nyuma huelekeza. Kazi zote mbili za kiungo kinachojadiliwa zimo katika kitu hiki kimoja. Ni neno la pwani, la silabi mbili, lenye wingi wa kawaida makafi. Zaidi ya hayo, lina kitenzi chake tayari: mtu hupiga kafi. Kusema kwamba kasa hupiga makafi hakuhitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kuona mtumbwi. Ni jambo la kutia moyo kwamba Darwin naye, alipotaja kiungo cha pomboo, alichagua neno la Kiingereza lenye maana ya kafi.

Dosari zake hazifai kufichwa. Kafi halionyeshi kwamba ndani ya kiungo mna mifupa ya mkono. Tena, kama ilivyoelezwa, mpigo wa kasa hukaribia ule wa bawa kuliko ule wa kafi. Lakini sitiari haidaiwi kufanana na kitajwa kwa kila jambo. Mguu wa meza hautembei, na hakuna anayelalamika.

6.0 Vigezo na pendekezo

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea kutumia vigezo vilivyopendekezwa na Kiingi na vinavyojulikana kwa kifupi PEGITOSCA: usahihi wa maana, iktisadi ya maneno, uzalishaji, ukimataifa, uangavu, kuepuka maneno machafu, mfumo, uwiano na kukubalika. Hakuna neno linaloshinda katika vyote. Pezi linashinda katika kukubalika na kushindwa katika usahihi. Mkono unashinda katika usahihi na kushindwa katika mfumo, kwa kuwa hauwezi kutumika kwa viungo vya mbele na vya nyuma pamoja. Neno la kutohoa, flipa, lingekidhi ukimataifa, lakini ukimataifa huo ni wa Kiingereza peke yake, kama sehemu ya nne ilivyoonyesha. Na halina uangavu wowote kwa asiyekijua Kiingereza.

Kafi linajitokeza kwa uzalishaji na mfumo. Kutokana nalo hupatikana kafi la mbele na kafi la nyuma kwa kasa na sili. Kafi peke yake kwa nguva, pomboo na nyangumi, ambao hawana ya nyuma. Na bawa-kafi kwa pengwini. Kwa vifaa hupatikana makafi ya miguuni, na pia makafi ya mikononi kwa vile vibao vya mazoezi ambavyo mfano wake wa kale ni vya Franklin. Pezi hubaki na maana yake: ubapa usio na mifupa ya mkono wala ya mguu, uwe wa samaki au wa mgongoni mwa pomboo.

Mpaka huu una mgeni mmoja msumbufu, naye ni silikanti. Samaki huyu alidhaniwa kuwa alitoweka pamoja na madinosari mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwaka 2003 amekuwa akinaswa katika maji ya Tanzania, hasa Tanga, ambako hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa mwaka 2009. Mapezi yake yana nyama na mifupa katika mashina yake, nayo huwakumbusha wanasayansi jinsi miguu ya wanyama wa nchi kavu ilivyoanza. Je, hayo ni mapezi au makafi? Kwa pendekezo hili ni mapezi, kwa kuwa hayakuwahi kuwa miguu. Yanaweza kuitwa mapezi-nyama. Kafi ni kiungo cha mnyama ambaye ukoo wake ulipata miguu kisha ukarudi majini. Istilahi ikilazimisha swali kama hili kuulizwa, imefanya kazi yake.

Haipendekezwi hapa kwamba lugha ya ufukweni ipigiwe amri. Anayekodisha vifaa Nungwi au Watamu na kuviita mapezi hajakosa. Upanuzi wa maana ni haki ya wasemaji. Inayohitaji mpaka ni lugha ya kitabu cha biolojia, ya kamusi na ya mwongozo wa uhifadhi. Tajiriba ya uundaji wa istilahi tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, hadi Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 na kamusi ya biolojia, fizikia na kemia ya TUKI ya mwaka 1990, inafundisha kwamba neno lililotoka kwa watumiaji huishi kuliko lililotungwa mezani. Kafi si neno la mezani. Limo mikononi mwa watu, ingawa mashine za boti zinazidi kulisukuma pembeni. Kulipa kazi mpya ni namna mojawapo ya kulinusuru.

7.0 Hitimisho

Mhadhara umeonyesha kwamba kiungo cha kuogelea cha kasa, nguva, sili na nyangumi ni mguu au mkono uliogeuzwa na maji, na kwamba kifaa cha mzamiaji ni jaribio la binadamu kukifikia kwa mpira kile ambacho viumbe hao walikifikia kwa mamilioni ya miaka. Umeonyesha pia kwamba kila lugha imechagua upande mmoja wa kitu hicho na kuuacha mwingine, na kwamba Kiswahili hakina sababu ya kufuata uchaguzi wa Kiingereza.

Wakati wa kuchagua haupo mbali. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa ni miongoni mwa maeneo machache ambako bado wanapatikana. Watakaoamua kama nguva ataendelea kuwapo ni wavuvi ambao nyavu zao humnasa, na lugha watakayoelezwa habari zake ni Kiswahili. Ni muhimu wasikie katika lugha hiyo kwamba aliyenaswa si samaki mkubwa, bali ni jamaa wa tembo aliyerudi baharini, ananyonyesha mtoto wake, na hupumua hewa kama wao. Jina sahihi la kiungo kimoja halitamwokoa nguva. Lakini mwanafunzi anayeuliza kwa nini samaki ana pezi na nguva ana kafi ameanza kuuliza swali linalostahili, na ni wajibu wa wataalamu wa lugha kumwachia mlango huo wazi.